Mazungumzo ya Nyumbani: Karata Mbili Mkononi, Tano Mezani



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani, lakini limetufika jambo ambalo tumeona haifai kulilaza. Tunawaomba radhi wale walioandika barua wakiyangojea majibu yao. Majibu yatakuja, inshallah.

Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, akaketi barazani, akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema kuwa fedha zake za upatu, shilingi laki nne, hazipo. Zamu yake ilikuwa imefika, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu, wenziwe walizipeleka katika simu ya mwanawe. Fundi wa kuezeka chumba cha nyuma alikuwa aje Jumatatu, kabla masika hayajashika. Ijumaa usiku mtoto akazicheza karata. Tukamwuliza, alizicheza na nani, na wapi? Akatujibu: "Na watu asiowajua, maalim, humo humo ndani ya simu."

Kijana mwenyewe tunamjua vema. Alisoma kwetu tangu alif hata akahitimu Qurani, na leo ni mwuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Si mlevi, wala si mtoro wa sala. Tulimwita, tukamkaripia kwa muda usiopungua nusu saa, naye ameinamisha kichwa. Tulipokwisha akasema kwa adabu, "Maalim, nisamehe. Kosa la kuchukua fedha za mama nimelikubali. Lakini mchezo wenyewe unausema bila ya kuujua. Huu si wa bahati, ni wa hesabu. Watu wanausomea."

Tulikasirika, hilo hatufichi. Lakini usiku tulipojilaza tuliona kuwa maneno yale yana nusu ya kweli. Wanavyuoni wetu husema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulitambua, nasi hatukuwa tumelitambua. Tulikuwa tumetamka neno kamari kama mtu anayemfukuza kuku, na kuku akiisha kufukuzwa hurudi. Kesho yake tukamwambia: Njoo utufundishe. Lete karata zako, hatutaweka dau, wala hatutacheza mtu na mtu. Utazitandika mkekani, utushikie mikono ya wachezaji wote, nasi tutatazama na kuuliza. Alikuja jioni tatu, baada ya Isha. Haya tuyaandikayo ni yale tuliyoyapata kwake, pamoja na mengine tuliyoyatafuta wenyewe.

Mchezo wenyewe jina lake ni Texas Hold'em, nao ni mmoja katika jamaa ya michezo ya Kimarekani inayoitwa poka. Karata ni zile zile 52 azijuazo kila mtu: kopa, uru, pau na shupaza. (Majina hayo, ndugu msomaji, ni ya Kireno, kama lilivyo neno karata lenyewe. Wareno walikwenda zao zamani sana, ngome yao ikabaki Mombasa, na karata zao zikabaki barazani.) Kila mchezaji hupewa karata mbili, akazitazama peke yake. Kisha mgawaji huweka karata tano katikati, uso juu, kila mtu azione: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Hizo tano ni mali ya wote. Kila mmoja huchagua karata tano zilizo bora katika zile saba, yaani mbili zake za siri na tano za hadharani, na mwenye tano bora kuliko wenziwe huchukua fungu lote la fedha.

Ubora wa karata hufuata uadimu wake, na hapa ndipo tulipoanza kuvutiwa, maana hesabu ni hesabu. Katika karata 52 mtu aweza kupata mikono ya karata tano iliyo namna 2,598,960. Katika hiyo, mikono 1,302,540 haina kitu chochote ndani yake, na mikono 1,098,240 ina jozi moja tu. Ndiyo kusema karibu yote ni hiyo. Zinazopita hapo ndizo zenye daraja: jozi mbili, tatu za namna moja, tano zinazofuatana, tano za jamii moja, tatu pamoja na jozi, nne za namna moja ambazo ni mikono 624 tu. Juu kabisa ni tano zinazofuatana za jamii moja zinazoishia katika ree, na hizo ni mikono minne katika milioni mbili na nusu.

Fedha huingia mara nne: zikiisha gawiwa karata za siri, zikiisha funuliwa tatu, ikiisha funuliwa ya nne, na ikiisha funuliwa ya tano. Kila mara mtu aweza kufuata dau la mwenzake, au kuongeza, au kuzitupa karata zake na kuyaacha aliyokwisha weka. Na ili mtu asikae tu kungoja karata nzuri, wawili waliokaa baada ya mgawaji hulazimishwa kuweka dau kabla ya kuona chochote, na zamu hiyo huzunguka meza nzima. Ukikaa, unalipa. Tulilishika neno hili, na tutalirudia.

Kijana alipenda sana kutuonyesha mfano huu. Mikononi mwako una kopa mbili. Zile tatu za kwanza zinafunuliwa, na mbili ni kopa. Umekwisha pata nne. Ukipata moja zaidi utakuwa na tano za jamii moja, na aghlabu utashinda. Je, ufuate dau au uache? Karata usizozijua ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Kwa hiyo karata ijayo itakufaa kama mara 19 katika kila 100, na ukizihesabu karata mbili zilizobaki kwa pamoja, mara 35. Sasa tazama fungu: zikiwamo shilingi 3,000 na kufuata ni shilingi 1,000, unalipa moja ili upate tatu, na biashara hiyo haina faida ila ushinde zaidi ya mara moja katika nne. Basi kwa karata moja ijayo huna haki ya kulipa, ila uwe na tamaa ya kuvuna zaidi baadaye.

Alikuwa akisema haya upesi upesi, hana kalamu wala karatasi. Huyu ndiye mtoto aliyetushinda kumfundisha mafungu ya mirathi! Tulimwambia hivyo, akacheka, nasi tukacheka.

Tunakiri basi mbele ya wasomaji wetu kuwa kijana alisema kweli. Mchezo huu una elimu. Mwanzoni mtu aweza kupata jozi yoyote ya karata katika jozi 1,326, na mjuzi anajua zipi za kuzitupa bila ya kuziangalia mara ya pili. Mwaka 2017 katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, wataalamu wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon walileta programu ya kompyuta iitwayo Libratus, ikacheza na mabingwa wanne, kila mmoja kwa zamu yake peke yake nayo, michezo 120,000 kwa siku ishirini, ikawashinda. Miaka miwili baadaye nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Kama ingekuwa ni bahati tupu, mashine isingekuwa na cha kujifunza.

Wasomaji wengine watashangaa kutuona tunayasema haya. Tunayasema kwa sababu watoto wenu wanayajua, na mzazi anayekana lililo wazi hupoteza haki ya kusikilizwa katika lililojificha.

Khabari za asili yake ni hizi kwa ufupi. Mchezo ulianza Texas mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 2007 baraza la kutunga sheria la jimbo hilo liliutaja mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Katika miaka ya 1960 ukaingia Las Vegas, mji wa kamari, na kuanzia mwaka 1970 kukawa na mashindano ya kila mwaka yaliyoanzishwa na Benny Binion katika jumba lake. Mashindano makubwa kiingilio chake kikawa dola 10,000. Kwa miaka mingi yalikuwa ni ya wazoefu wachache.

Kilichoutoa mchezo huu huko na kuuleta mifukoni mwa vijana wa dunia nzima ni mtu mmoja. Mwaka 2003 karani wa hesabu wa Tennessee, jina lake Chris Moneymaker, aliingia katika mashindano hayo bila ya kulipa dola 10,000. Alikuwa ameshinda nafasi yake kwa kucheza katika intaneti kwa dola 86. Akawashinda wote, akaondoka na dola 2,500,000. Jina lake la ukoo maana yake ni mchuma fedha, wala si jina la utani. Watangazaji wangapi wangeliweza kubuni tangazo kama hilo? Mwaka ule walishindana watu 839. Mwaka uliofuata walikuwa 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Kila mmoja alijiona kuwa ndiye karani wa Tennessee. Kijana wetu naye alijua khabari zake zote, hata miwani aliyovaa. Tulipomwuliza jina la mtu mmoja tu katika wale 838 waliobaki, alilijua moja, la yule aliyeshindwa mwisho.

Sasa tuje katika hukumu, kwa kuwa hapa ndipo kijana alipotuwekea mtego, na mtego wenyewe ulikuwa mzuri. Alisema: Maalim, si wewe uliyetufundisha kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafii mchezo unaotegemea kubahatisha umeharamishwa kama ule wa dado, na unaotegemea fikra na hesabu huhesabiwa pamoja na sataranji, ambao mwisho wake ni kukirihishwa? Nao huu ni wa hesabu, umekwisha kubali mwenyewe.

Tulifurahi kuona kuwa somo halikupotea. Lakini alilichukua somo nusu. Kanuni hiyo ni ya mchezo usio na mali. Hatta sataranji, ambayo hakuna bahati ndani yake hata chembe, wachezaji wawili wakiweka fedha kila mmoja yake na mshindi azitwae zote, imekwisha kuwa kamari, wala hakuna anayebishana. Kamari haikuharamishwa kwa kuwa ni bahati. Alama yake ni kwamba kila mmoja wa walioketi anasimama baina ya kuipata mali ya mwenzake na kuipoteza yake, wala hapana kitu kilichouzwa, wala kazi iliyofanywa, wala zawadi iliyotolewa kwa radhi. Akatuuliza kuhusu mbio za farasi na kulenga mishale. Tukamwambia kuwa huko zawadi huwekwa na mtu wa nje au na upande mmoja, na pande zote mbili zikiweka, wanavyuoni wameweka masharti yake marefu ili isigeuke kuwa kamari. Nani aliweka zawadi katika meza yako?

Akanyamaza.

Tena Waarabu wa kabla ya Uislamu, ambao maisiri yao ndiyo iliyotajwa katika Suratul Baqara na Suratul Maida, walikuwa na haya kuliko sisi. Walimchinja ngamia wakamgawa mafungu, wakatoa mishale kumi katika mfuko, saba ina mafungu na mitatu mitupu, na waliotokewa na mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Na washindi hawakula. Nyama waliwapa maskini, na wakijifakhirisha kwa hilo. Hiyo ndiyo moja katika manufaa ambayo Qurani haikuyakana, ila ikasema kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Ikiwa kamari iliyomlisha maskini iliharamishwa, itakuwaje hii ambayo maskini ndiye ngamia?

Jioni ya pili tulifanya hesabu yetu wenyewe. Tulikuwa na mbegu za ukwaju; tukamwambia awagawie wachezaji wake sita mbegu 50 kila mmoja, jumla 300, kisha awachezee wote yeye, na kila mmoja amchezee vizuri kadiri ya ujuzi wake. Alipokuwa akigawa tukamwuliza: Mwenye ukumbi anakula nini? Akajibu kuwa anachukua kidogo tu katika kila fungu, aghlabu kama tano katika mia. Tukaagiza kikombe cha kahawa kitupu, tukakiweka ukingoni mwa mkeka, tukasema, basi huyu ni mwenye ukumbi. Kila fungu likifika mbegu 20, tuwekee moja humo.

Jioni ile na ile iliyofuata alicheza michezo 40. Wachezaji wawili wakaishiwa. Mmoja akawa na mbegu nyingi, na kijana akatutazama kama aliyeshinda hoja. Tukamwambia amimine kikombe. Zilikuwamo mbegu 40. Mwenye ukumbi, ambaye hakupewa karata hata moja, wala hakukaa macho, wala hakuthubutu chochote, alikuwa na karibu mtaji mzima wa mchezaji mmoja. Na watu hawa sita walikuwa ni mtu mmoja mwenye ujuzi mmoja. Akihesabu michezo mia tatu, tulimwambia, kwa wachezaji waliolingana, mkeka wote utakuwa mtupu na kikombe kimejaa. Na katika simu michezo mia tatu si kazi ya wiki. Ni kazi ya usiku mmoja mrefu.

Alifikiri kidogo, akasema: Lakini hawalingani, maalim. Ndiyo maana ya kujifunza. Unawatafuta wasiojua.

Tulimwomba alirudie neno hilo, naye akalirudia kwa sauti ndogo zaidi. Kwani hapa ndipo jambo zima lilipo, na tungependa wazazi na vijana walitazame pamoja nasi bila ya haraka. Meza haizai kitu. Haipandi muhogo, haivui samaki, haishoni nguo. Fedha itokayo ni ile ile iliyoingia, imepungua fungu la mwenye ukumbi. Kwa hiyo ukisema mchezo ni bahati, umesema ni kamari. Na ukisema ni elimu, umesema kitu kizito zaidi, kwamba mwenye kujua anakula cha asiyejua, kwa hakika na si kwa kubahatisha. Anayejifunza hawezi kujifunza ila kwa kulipa, na anayelipwa ni yule aliyejifunza kabla yake. Akiisha kujua, na yeye atamngoja mwingine, mwanafunzi wa Nairobi, au mlinzi wa usiku wa Manila, au mjane aliyetumiwa fedha na wanawe. Hatamwona uso. Ataona jina la kubuni na picha ya simba.

Na mwanafunzi huyo hafukuzwi mlangoni, anakaribishwa. Kijana alituambia kuwa programu ilimpa fedha za kuchezea za bandia, bure, wiki tatu. Humo alishinda sana, kwa kuwa mtu anayecheza kwa fedha za bandia hafikiri, hufuata kila dau. Alipohamia katika meza za fedha za kweli alikutana na watu wengine kabisa.

Na hao wenye kumbi za intaneti nao si wote waaminifu kwa wateja wao. Mwezi wa Aprili 2011 serikali ya Marekani iliwashitaki wenye kumbi tatu zilizokuwa kubwa kuliko zote, na baadaye ikadai kuwa mojawapo ilikuwa inadaiwa na wachezaji wake kiasi cha dola milioni 390 ilhali benki ina kiasi cha milioni 60.

Tulibakiza usiku wa Ijumaa, ule wa fedha za mama. Hatukuuliza, alitueleza mwenyewe jioni ya tatu, akiwa anazikusanya karata.

Alikuwa amepata ree mbili. Hakuna karata za kuanzia zilizo bora kuliko hizo, na mtu huzipata mara moja katika 221. Aliongeza dau, mtu mmoja akaongeza juu yake, naye akaongeza tena, mpaka zote zilizokuwamo zikaingia, shilingi laki nne za upatu na nyingine zake, kabla hata ya kufunuliwa karata moja ya mezani. Yule mtu alikuwa na wafalme wawili. Kwa hali hiyo mwenye ree hushinda kama mara 82 katika kila 100. Zikafunuliwa tatu, hapana mfalme. Ikafunuliwa ya nne, hapana mfalme. Zilibaki karata 44 zisizojulikana, na mbili tu katika hizo ndizo ziwezazo kumwangamiza. Ikaja mfalme wa uru.

Alitwambia, na macho yake yako katika mkeka, "Nilicheza sawasawa, maalim. Hata bingwa angelicheza vile vile."

Hatuna shaka alicheza sawasawa. Tulizirudia hesabu zake na hatukuona kosa. Na hilo ndilo lililotuumiza kuliko lingine lolote, kwani tungeliona kosa tungelimwambia ajifunze zaidi. Hesabu za mara 82 katika 100 ni za mtu mwenye mia. Ukicheza mara elfu, kwa fedha zisizo na kazi nyingine duniani, zile 18 zitafidiwa na zile 82. Lakini mama yake hakuwa na laki nne mara mia. Alikuwa nazo mara moja, amezikusanya miezi kumi na moja kwa kuuza vitumbua, na bati lilikuwa limekwisha chaguliwa. Elimu yote ile, na ni elimu kweli, haikuwa na mahali pa kumwandika mtu ambaye si mchezaji.

Kabla hajaondoka tulimpa kazi moja, kama tulivyokuwa tukimpa zamani. Afungue zile risala za fedha katika simu yake, tangu siku ya kwanza, aandike katika daftari zilizotoka upande huu na zilizorudi upande huu. Alikuwa na yakini kuwa kabla ya Ijumaa ile alikuwa mbele. Alikumbuka usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu alioshinda 180,000, na jinsi alivyomnunulia mdogo wake viatu vya shule. Alirudi baada ya siku mbili na daftari. Kwa miezi mitano zilitoka shilingi 1,140,000, zikarudi 610,000. Ametoa 530,000 zisizorudi. Na ukiondoa zile laki nne za mama, bado alikuwa nyuma 130,000 kabla ya kuzishika. Tulimwuliza kwa nini hakuwa anaandika. Akasema kuwa zilizorudi alizikumbuka bila ya kuandika.

Tajiri yake amekubali kumkata shilingi elfu arobaini kila mwezi na kumkabidhi mama mkononi. Mpaka tunapoandika haya amekwisha lipa miezi miwili. Chumba cha nyuma kimefunikwa turubai, na masika yamekuja mapema. Wanawake wa upatu walimpa mama zamu nyingine ya mbele bila ya yeye kuiomba, jambo ambalo kijana alipolisikia alitoka nje ya chumba.

Ile programu aliifuta mbele yetu, akatuonyesha kioo cha simu mahali ilipokuwa. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mkweli, akatuambia kuwa kuirudisha ni kazi ya dakika mbili. Tulimwambia tunalijua hilo, na kwamba kesho baada ya Isha tutamngoja vile vile, kuna mafungu ya mirathi hatujayamaliza. Amekuja. Karata hakuja nazo. Mbegu za ukwaju tulikuwa nazo sisi, na zimetufaa sana katika kugawa thuluthi na sudusi.